Daraja jipya la meno linagusa kabla ya meno mengine: nisubiri nizoee au nirudi kwa daktari?

Zamaradi ameandika:

Wakuu, habari zenu. Naomba mawazo ya waliopitia hili, na kama kuna daktari wa meno humu naomba asinipite.

Nimewekewa daraja la meno matatu chini, upande wa kulia. Gego la kwanza liling'olewa miaka mingi iliyopita na pengo likabaki hivyo hivyo. Sasa limechongwa gego la pili lililo nyuma ya pengo na jino dogo lililo mbele yake, kisha daraja la zirkonia (aina ya kauri ngumu) likasimikwa juu yake kwa simenti ya kudumu. Meno yote mawili ya nguzo ni mazima, hayajawahi kutibiwa mzizi.

Wakati wa kusimika nilikuwa nimechomwa ganzi na kiti kimelazwa. Daktari aliniwekea karatasi ya rangi, akaniambia niume, akasaga kidogo, akauliza kama niko sawa. Upande ule wote ulikuwa umekufa ganzi, nikajibu kwa kadiri nilivyohisi.

Ganzi ilipoisha ndipo mambo yakajitokeza. Nikifunga mdomo taratibu, daraja ndilo linalotangulia kugonga. Upande wa kushoto meno hayakutani mpaka nilazimishe taya. Nguzo ya nyuma inauma nikitafuna, maji baridi yananishtua, na asubuhi naamka misuli ya shavu la kulia imechoka kama nimetafuna usiku kucha. Juu ya hapo nasikia maumivu karibu na sikio, na siku nyingine yanapanda hadi pembeni ya kichwa.

Nilipopiga simu kliniki, aliyepokea aliniambia ni kawaida, utazoea. Je, hili ni la kuzoea kweli? Na kama watalisaga tena, halitaharibika?

Msafiri77 ameandika:

Pole dada. Langu nalo lilikuwa geni sana mwanzoni. Ulimi ulikuwa hauachi kulitafuta, maneno yenye "s" yalitoka na mluzi, mate yalijaa. Nilihisi pia kama kuna kabari imepigwa katikati ya meno. Yote hayo yaliisha bila kufanywa chochote. Ningekushauri ulipe muda kidogo, utafunie upande mwingine.

Tabibu Meno ameandika:

Zamaradi, pole. Mimi ni daktari wa meno. Siwezi kukupima nikiwa huku, lakini maelezo yako yananitosha kusema jambo moja: rudi, na uende mapema.

Ni lazima tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa kila mara. Kuna ugeni na kuna urefu. Ugeni ni huo alioueleza Msafiri77: ulimi umekuta umbo jipya, matamshi yameyumba, meno ya jirani yanahisi kubanwa. Huo huondoka wenyewe kwa siku chache, ukichelewa sana wiki chache. Urefu ni sehemu ya daraja kugonga jino la juu kabla meno mengine hayajakutana. Mwili hauuzoei urefu, unaukwepa. Taya linajifunza kufungia pembeni ili lisiligonge lile jino, na misuli inayobeba kazi hiyo ya kukwepa ndiyo inayoamka imechoka. Wewe unasema upande wa kushoto haukutani mpaka ulazimishe. Hiyo ni dalili ya urefu.

Watu hushangaa kwamba kitu kisichoonekana kwa macho kinaweza kumsumbua mtu kiasi hiki. Sababu ni kwamba mzizi wa jino haujagandana na mfupa. Umeshikiliwa na nyuzi laini zenye neva zinazopima shinikizo, na neva hizo ni hodari mno. Mtu mwenye meno yake anaweza kuhisi kitu cha unene wa maikroni 20 hivi kati ya meno ya juu na ya chini, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko huo mara kadhaa. Kwa hiyo mgonjwa akiniambia "naona liko juu", simbishii hata kama mimi sioni kitu. (Waliowekewa vipandikizi, yaani mizizi bandia, habari yao ni tofauti: kipandikizi kimeshikana na mfupa bila nyuzi hizo, hivyo kinaweza kugonga kwa nguvu na mwenyewe asijue. Kwao daktari ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi.)

Kwa nini halikuonekana siku ya kusimika? Ganzi ni sababu ya kwanza. Ya pili ni kulala: mtu akiwa chali, taya la chini hurudi nyuma kidogo, na meno hayakutani mahali pale pale yanapokutana akiwa ameketi. Ya tatu, mdomo uliokaa wazi muda mrefu huwa na misuli iliyochoka, haufungi kama kawaida yake. Na mara nyingi mgonjwa huambiwa agonge meno juu na chini tu, ilhali tunapotafuna taya huteleza kulia, kushoto na mbele. Daraja linaweza kuwa sawa kabisa kwa kugonga, likakwaruza vibaya kwa kuteleza.

Ukirudi, omba kupimwa bila ganzi, ukiwa umeketi wima, miguu chini. Ugonge taratibu, kisha uteleze taya pande zote. Madaktari wengi hutumia karatasi za rangi mbili, moja kwa kugonga na nyingine kwa kuteleza, ili alama zisichanganyike. Kuna pia utepe mwembamba wa metali wa maikroni 8 hivi: unawekwa kati ya meno, wewe unauuma, daktari anauvuta. Ukishikwa kwenye daraja lakini unachomoka bure kwenye meno ya jirani na ya upande wa pili, hakuna ubishi tena.

Usikubali kukaa na jino lenye urefu kwa miezi. Nyuzi za mzizi huvimba, jino linauma likiguswa, linaweza hata kuanza kucheza. Kiini cha jino, ile sehemu ya ndani yenye neva, ambacho tayari kimechoshwa na kuchongwa, kinazidi kuchokozwa. Jino la juu nalo linapata kipigo kile kile. Mpaka utakapoonwa, tafunia kushoto, epuka vitu vigumu, na kama huna sababu ya kiafya ya kukukataza, parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti inatosha. Usijaribu kulisugua mwenyewe kwa kitu chochote.

Lulu3 ameandika:

Daktari asante, nimesoma mara mbili. Mimi daraja langu haliumi, lakini najiuma shavu karibu kila mlo, pale pale kila siku, mpaka pamefanya uvimbe mgumu mweupe. Hili nalo ni urefu?

Tabibu Meno ameandika:

Hapana Lulu3, hilo kwa kawaida ni suala la upana. Magego ya juu yanatakiwa yatokeze nje kidogo kuliko ya chini, ili yalisukume shavu mbali na mahali meno yanapokutania. Daraja likitengenezwa kingo za nje zikakutana sawasawa, shavu linaingia katikati. Kuna jambo la pili: pengo likikaa wazi miaka mingi, shavu na ulimi hujitanua kulijaza, na hujifunza upya kukaa kando taratibu. Kama kujiuma kunapungua, subiri. Kama ni pale pale kila siku na pamefanya uvimbe, kona ya nje ya jino inaweza kuviringwa kidogo bila kugusa sehemu inayotafunia. Ni kazi fupi. Na uvimbe huo, ukishaondoa chanzo, ukikaa zaidi ya wiki mbili bila kupungua, uonyeshe.

Fundi Kauri ameandika:

Mimi niko upande wa maabara, ndiko madaraja yanakotengenezwa. Niongezee tunayoyaona huku, maana mgonjwa huwa hayaoni.

Daraja halitengenezwi mdomoni. Linatengenezwa juu ya nakala ya meno yako, na nakala ya juu na ya chini hushikanishwa kwenye mashine ndogo inayoiga taya, au siku hizi kwenye kompyuta. Ili tujue zishikane vipi, daktari hukuambia uume nta au kitu laini kinachoganda, au anapitisha kamera ukiwa umefunga mdomo. Hapo ndipo makosa mengi ya urefu yanapozaliwa. Mgonjwa akiuma pembeni kidogo kwa sababu ya ganzi, au nta ikawa nene, sisi tunajenga daraja zuri kabisa kwa taya ambalo halipo. Likifika mdomoni lipo juu kote, na daktari anaanza kusaga.

Chanzo kingine ni daraja kutokaa mpaka chini. Mguso wa pembeni ukibana mno, au simenti ikiwa nzito na imeanza kuganda, daraja linabaki limeinuka kidogo. Wagonjwa husema, "kabla ya simenti lilikuwa sawa, baada ya simenti limekuwa refu." Hawajakosea.

Sasa swali la Zamaradi kuhusu kusaga kuliharibu. Zirkonia ni ngumu na inasagika, lakini isagwe kwa kichwa cha almasi laini, na maji yakitiririka, kwa mkono mwepesi. Joto na mtetemo vinaweza kuacha nyufa ndogo. Kisha, na hapa naomba uweke mkazo, ing'arishwe palepale mdomoni kwa vifaa vyake, hatua kwa hatua hadi iteleze. Zirkonia iliyong'arishwa vizuri ni rafiki kwa jino linalokutana nalo. Ile iliyosagwa ikaachwa na mikwaruzo hulila jino la juu kidogo kidogo. Kwa hiyo usiondoke kitini mpaka umepitisha ulimi pale paliposagwa ukaona panateleza. Kwa madaraja ya kauri juu ya metali kuna mpaka mwingine: kauri ni tabaka, ukisaga sana unafika kwenye rangi ya chini, halafu metali. Siyo hatari kwa afya, lakini kauri iliyobaki nyembamba hapo inaweza kubanduka.

Zamaradi, unasema pengo lilikaa miaka mingi. Muulize daktari wako kuhusu jino la juu lililokuwa likitazama pengo. Jino lisilo na mwenzake hushuka. Taratibu, lakini hushuka. Likishashuka, daraja la chini linakosa nafasi, na kusaga daraja peke yake ni kulitoboa. Wakati mwingine dawa ni kulisawazisha hilo jino la juu kidogo, kwa ridhaa yako, na hii ilipaswa kuonekana kabla hata ya kuchonga nguzo.

Mzee wa Subira ameandika:

Nimesoma yote na nakubaliana, ila naomba niweke neno kwa upande wa pili.

Mimi nilianza kama Zamaradi. Lilisagwa, nikapata nafuu, kisha nikaona bado. Likasagwa tena. Nikahisi sasa upande mwingine ndio mrefu, wakasaga na huo. Nikabadilisha daktari, naye akasaga. Mwishowe daraja likawa halikutani na kitu, natafuna hewa upande ule, na jino la jirani yake, ambalo halikuwa na tatizo lolote, nalo limepunguzwa. Kilichopunguzwa hakirudi. Daktari niliyenaye sasa alikataa kugusa kitu. Alinitengenezea kifuniko kigumu cha plastiki cha kuvaa usiku, akaniambia tuache misuli itulie kwanza, halafu ndipo tupime. Baada ya misuli kutulia, taya langu lilikuwa linafungia mahali tofauti kabisa na pale walipokuwa wanasagia.

Kwa hiyo vijana, rudini kwa daktari, ndiyo. Lakini kila anaposhika mashine, muulizeni: umeona alama gani inayokuambia usage hapo? Akisema hajaona alama, asisage.

Tabibu Meno ameandika:

Mzee wa Subira, shikamoo. Nashukuru umelisema hili, na pole sana kwa yaliyokukuta.

Ni kweli kuna mahali pa kusimama. Sheria ninayojiwekea: urefu unaothibitika kwa karatasi na kwa utepe naupunguza, na mara nyingi nafuu inaanza siku ile ile au ndani ya siku chache. Kama nimepunguza, vipimo vyote vinaonyesha meno yanakutana sawa pande zote, na malalamiko hayabadiliki, basi naweka mashine chini na kutafuta chanzo kingine. Huenda kiini cha jino kinauma. Huenda nguzo ina ufa. Huenda mtu anakaza meno mchana kutwa bila kujua, kwa kuwa akili yake yote imehamia kwenye lile daraja na analigonga kila dakika kulipima. Hii ya mwisho naiona sana. Namwambia mgonjwa: midomo ifunge, meno yaachane, ulimi ukae juu. Meno yana kazi ya kukutana wakati wa kutafuna na kumeza tu.

Na kuna wachache ambao hisia ya kuumana vibaya hubaki hata kila kitu kikiwa sawa. Mwaka 1976 mtafiti wa Marekani, Joseph Marbach, aliielezea hali hii kwa maandishi. Siyo uongo wala siyo wazimu; ubongo unaendelea kupokea taarifa za meno kama zenye kasoro. Kwao kila kusagwa kunaongeza tatizo, na madaraja mapya yakifuatana hayasaidii. Wanahitaji daktari mwenye subira, anayejua maumivu ya uso, na pengine mtaalamu wa saikolojia. Nimesema wachache, na lazima nisisitize hivyo, kwa sababu sitaki mtu yeyote mwenye daraja refu aambiwe tatizo liko kichwani mwake kabla hata ya kuwekewa karatasi.

Kibibi ameandika:

Mimi mnanichanganya. Nimewekewa daraja la jino moja la mbele, lile lenye bawa la metali lililogandishwa nyuma ya jino la jirani. Daktari wangu aliniambia mapema kabisa kwamba litakuwa refu, meno ya nyuma hayatakutana kwa muda, na nisiwe na wasiwasi. Ni kweli hayakutani. Natafuna kwa shida. Sasa nimesoma hapa kwamba urefu ni hatari. Amenidanganya?

Tabibu Meno ameandika:

Hapana Kibibi, na nafurahi umeuliza kabla ya kwenda kulisagisha.

Hilo ni jambo lililopangwa. Lilianza na Mnorwe aitwaye Dahl, ambaye mwaka 1975 yeye na wenzake walieleza jinsi ya kupata nafasi kwa meno ya mbele yaliyolika: wanaweka kitu kinachoinua meno ya mbele, ya nyuma yanaachana, kisha kwa miezi kadhaa ya nyuma yanapanda kidogo na ya mbele yanazama kidogo mpaka yote yakutane tena. Baadaye wazo hilo likatumika kwa madaraja ya bawa kama lako, maana bawa lina unene wake, na badala ya kuchonga jino zima ili kupata nafasi ya bawa, linaachwa refu kwa makusudi. Kwa watu wengi meno hukutana tena ndani ya miezi 3 hadi 6, wengine huchukua zaidi.

Tofauti yako na ya Zamaradi ni hizi. Wewe uliambiwa kabla, na mzigo uko meno ya mbele. Yeye ana urefu kwenye gego la nyuma kabisa, mahali ambapo nguvu ya misuli ni kubwa zaidi, na hakuna aliyeupanga. Cha kufanya: hudhuria miadi yako ya kupimwa, na kama jino lenye bawa linaanza kucheza au kuuma bila kupungua, nenda kabla ya tarehe.

Lulu3 ameandika:

Nami nimeonwa. Kona imeviringwa, dakika chache tu, na tangu hapo sijajiuma. Uvimbe unashuka. Kwa wenye tatizo kama langu, msikae nalo.

Zamaradi ameandika:

Wakuu, nimerudi. Safari hii sikukubali kupangiwa kwa simu. Nilimwambia mhudumu maneno haya: "daraja linagonga kabla ya meno mengine, na upande wa pili haukutani." Nilipoliweka hivyo nilipewa nafasi haraka. Nadhani nilipokuwa nasema "linanisumbua" ndiyo maana nilikuwa naambiwa nitazoea.

Nilipimwa nimeketi wima, bila ganzi. Karatasi nyekundu ya kugonga, ya buluu ya kuteleza. Alama nzito ya kugonga ilikuwa kwenye nguzo ya nyuma, kona ya nyuma kabisa. Na nilipoteleza taya kwenda kushoto, kulikuwa na mstari mrefu wa buluu pale pale, maana yake hata nikitafunia kushoto nilikuwa nalikwaruza daraja la kulia. Hilo lilinieleza kwa nini kuhamia kushoto hakukunipa nafuu.

Fundi Kauri, ulisema kweli. Gego la juu lilikuwa limeshuka ndani ya lile pengo. Daktari alinionyesha kwa kioo na kunieleza kwamba akisaga daraja tu litabaki jembamba mno. Tukakubaliana apunguze daraja kidogo na ncha ya jino la juu kidogo, ndani ya ngozi ngumu ya jino, akapaka floridi. Kisha aling'arisha kote kote kwa muda mrefu kuliko alivyosaga.

Meno ya kushoto yalikutana palepale. Sijui niwaelezeje. Nilifunga mdomo na ukafunga wote. Misuli bado ina uchovu lakini kila asubuhi ni kidogo kuliko ya jana, na maumivu ya kando ya sikio yameondoka. Kutafuna, nguzo ya nyuma bado inauma kwa mbali.

Ninachohofia sasa ni baridi. Bado inashtua, chini ya nguzo ya nyuma. Inanipata na kuondoka. Je, jino limekufa?

Tabibu Meno ameandika:

Jino linaloshtuka kwa baridi halijafa, liko hai na limekasirika. Jino lililokufa halihisi baridi kabisa.

Kuchonga jino kwa ajili ya daraja ni kuondoa ngao yake yote ya nje, na bado likapigwa na urefu. Swali ni kama linaweza kupoa lenyewe. Angalia muda wa mshtuko. Ukija na kuondoka ndani ya sekunde chache baada ya baridi kuondolewa, na ukipungua wiki hadi wiki, kiini kinapona. Tumia dawa ya meno ya wenye meno yanayoshtuka kwenye kingo za fizi, na uvumilie. Nyuzi za mzizi nazo huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili hivi kutulia baada ya urefu kuondolewa, kwa hiyo hayo maumivu ya mbali ya kutafuna sitashangaa yakiisha.

Mambo yakigeuka hivi, rudi: maumivu yanabaki dakika nzima au zaidi baada ya baridi, kitu cha moto ndicho kinachouma na baridi inatuliza, linaanza kuuma lenyewe bila kuguswa, linakuamsha usingizini. Hapo kiini kinaelekea kushindwa, na tiba ni kusafisha mzizi. Watu hudhani lazima daraja lote livunjwe kwanza. Mara nyingi si lazima. Daktari anaweza kutoboa tundu dogo juu ya daraja, akatibu mzizi kupitia hapo, kisha akaliziba. Linapoteza nguvu kiasi, lakini linaendelea kufanya kazi.

Uvimbe wa uso, homa, mdomo kushindwa kufunguka au kumeza kwa shida, hayo hayasubiri miadi. Ni hospitali siku hiyo hiyo. Ukishindwa kupumua vizuri, ni dharura papo hapo.

Msafiri77 ameandika:

Dada Zamaradi, nimefurahi kwa ajili yako. Daktari, na mimi nina swali sasa, maana daraja langu la zamani limeanza tabia mpya. Kwa miaka limekuwa sawa kabisa. Siku hizi nikitafuna nasikia kama linashuka na kupanda upande mmoja, na kuna ladha mbaya inatoka. Haliumi hata kidogo. Hili ni kuumana kubadilika?

Fundi Kauri ameandika:

Mkuu, daktari atakujibu zaidi, lakini usilale na hilo. Daraja lina nguzo mbili. Simenti ikiachia nguzo moja, nyingine inaendelea kulishikilia, kwa hiyo halidondoki na hutambui. Mate yanaingia chini ya ile iliyoachia na jino linaoza gizani. Huletwa kwetu madaraja mazima, hayana hata mkwaruzo, na daktari anatuandikia kwamba chini yake nguzo imebaki gofu.

Tabibu Meno ameandika:

Sina cha kupunguza hapo. Msafiri77, kausha daraja kwa kitambaa safi, libonyeze kwa kidole juu na chini ukitazama ukingo wa fizi kwenye kioo. Ukiona vipovu vya mate vinatoka kwenye ukingo, simenti imeachia upande huo. Usipoona vipovu bado nenda, kwa sababu ladha mbaya na kucheza vinatosha. Daktari atapiga eksirei na kujaribu kulitoa lote. Nguzo ikikutwa nzima, linaweza kusafishwa na kusimikwa upya. Ikiwa imeoza, mapema ndipo kuna cha kuokoa. Kutokuuma kusikupe matumaini, hasa kama nguzo hiyo ilishatibiwa mzizi: haina tena neva ya ndani ya kukuonya.

Na wewe Zamaradi, ukishapona, pitisha uzi wa meno chini ya lile jino la katikati kila siku, ule wenye ncha ngumu ya kuingizia. Kama uzi hauingii kabisa, au unachanika kila mara mahali pamoja, mwambie daktari wako. Pengine ni simenti iliyobaki chini ya fizi, na hiyo inatolewa.

Msafiri77 ameandika:

Vipovu vipo. Nimeshapiga simu, nitaonwa kesho asubuhi.